Nendeni kwenye miti mikono mitupu



Katika ukurasa huu tunawakumbusha daima kofia ngumu, viatu vya kazi na maski ya kuzuia vumbi. Leo nataka kusema juu ya siku ambayo hamvai vitu hivyo: siku ya kupumzika.

Mimi ni msaidizi wa daktari. Katika dispensari nawapokea wafanyakazi wanaoshuka kutoka mgodini kuja konje kwao Mudaka. Wengi hawana kidonda wala homa. Wananiambia: "Muganga, usingizi umekataa." Nikiwapima tansio, naikuta imepanda. Nikiuliza siku za konje zinapita namna gani, jibu ni lile lile: asubuhi kulala, mchana madeni na maneno ya nyumbani, jioni nganda na kasiksi. Siku ya kurudi inafika, na mtu anapanda gari akiwa amechoka kuliko alivyoshuka. Mtu wa namna hiyo ndiye anayesahau kugonga paa la shimo na kusikiliza mwamba kabla ya kupita chini yake. Uchovu wa nyumbani umeingia naye kazini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chukueni asubuhi moja ya mapumziko, mwende kutembea polepole chini ya miti, bila panga, bila mzigo.

Najua wengine watacheka. Watasema: "Miti tumezaliwa katikati yake, itatufundisha nini?" Basi niwaulize: mara ya mwisho uliingia kwenye miti kufanya nini? Baba aliingia kukata mbao. Mama aliingia kutafuta kuni, akatoka na mzigo mgongoni, kamba imembana kwenye paji la uso. Huko si kupumzika, ni kazi nyingine. Ndiyo maana nasema mikono mitupu.

Wajapani, watu wa viwanda na wa kazi nyingi, walianza mwaka 1982 kuhimizwa na idara yao ya misitu kwenda "kuoga msitu". Si kuoga kwa maji. Ni kutembea taratibu, kukaa, kuvuta pumzi, kusikiliza ndege na majani. Mwaka 2010 wataalamu wao walitoa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika misitu 24. Waliotembea msituni walikutwa na tansio iliyo chini, na moyo unaopiga polepole, kuliko waliotembea mjini. Katika Uingereza nako, uchunguzi wa watu karibu 20,000 uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye miti au mashambani dakika 120 au zaidi kwa wiki walisema mara nyingi zaidi kuwa wana afya njema. Dakika hizo unaweza kuzigawa: saa moja leo, saa moja siku nyingine.

Lakini msinielewe vibaya. Mti hauondoi vumbi la mawe lililokwisha kuingia kwenye mapafu. Mwenye vidonge vya tansio aendelee kuvimeza. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili asiende kutembea tu, aje apimwe makohozi. Matembezi yanasaidia dawa, hayachukui nafasi yake.

Mwaka jana tulijaribu sisi wenyewe, watu tisa, katika mikaratusi ya kampuni iliyo nyuma ya nyumba. Tulimwomba mzee mmoja Mtwa atuongoze. Hatukufika mbali, akasimama, akasema: "Watoto wangu, mnatembea kama watu wanaokimbia mvua." Tukapunguza mwendo. Akatuonyesha kwamba chini ya mikaratusi majani mengine ni machache na ndege ni wachache, akatushusha bondeni ambako imebaki miti ya asili. Tukakaa pale bila kusema. Baba mmoja aliyekuwa halali usiku alisinzia ameegemea shina, na mke wake akatuomba tusimwamshe.

Ndugu zangu, jambo hili linatudai pia haki. Mbuga yetu ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na mwaka 1980 UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia. Katika miaka hiyo ya 1970 Batwa waliondolewa katika msitu walimozaliwa babu zao. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba haki zao zilivunjwa. Watu wanaoujua msitu kuliko wote leo wengi wao hawana hata shamba. Kwa hiyo mzee wa Kitwa akituongoza, alipwe kama fundi yeyote. Asipewe chupa ya pombe na asante.

Kwa wakubwa wa kampuni nina ombi. Kila mwaka mikaratusi ile inapungua: mingine inakuwa magogo ya kushikilia paa la shimo, mingine inakuwa makala. Najua magogo ni usalama, na makala ni chakula cha jioni. Hata hivyo bonde lile dogo la miti ya asili liachwe. Kule Nairobi, mwezi wa Januari 1999, Wangari Maathai alipigwa na wenziwe kwa sababu ya kutetea msitu wa Karura usigawiwe wajenzi. Leo wakaaji wa mji ule wanatembea Karura na watoto wao. Sisi hatuhitaji mtu apigwe. Inatosha neno moja kutoka ofisini na kibao kimoja kwenye njia.

Wanaotaka kuanza washike haya:

Kwanza, msiingie mbugani bila ruhusa na walinzi. Hata kwa njia za karibu, muulizeni shefu wa kijiji kama kuko salama.

Pili, tembeeni kikundi, na mwambie aliyebaki nyumbani mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi.

Tatu, upepo mkali na radi vikianza, tokeni chini ya miti mara moja.

Nne, vaeni viatu vilivyofunika mguu, bebeni maji ya kunywa, na pombe ibaki nyuma.

Tano, simu izimwe sauti. Maneno ya madeni yangoje saa moja, hayatakimbia.

Sita, mama aende pia. Siku hiyo kuni zitafutwe na mwingine au ziwe zimetafutwa jana. Kama baba anapumzika na mama anabeba, nyumba ile haijapumzika.

Baba mfanyakazi, kampuni inahesabu siku zako za kazi. Siku zako za kupumzika hakuna anayekuhesabia ila wewe na walio nyumbani kwako. Rudi mgodini ukiwa umelala, masikio yako yawe mazima kusikia mwamba unapolia. Kinga ni bora kuliko tiba.