"Ndiyo" Niliyoisikia Vibaya

Wengi wetu huingia chuoni tukiamini kwamba mwalimu wa Kiingereza ni mtu ajuaye Kiingereza, basi. Nami niliingia na imani hiyo. Iliniondoka katika juma la pili la mazoezi ya kufundisha, wala haikuondoka bila ya kumwumiza mtu.

Nilikuwa nikikagua madaftari ya kidato cha kwanza, nikamwuliza mvulana mmoja: "You haven't done the exercise?" Akajibu kwa adabu, "Yes, sir." Nikarudia swali; jibu likawa lile lile. Nikadhani ananifanyia stihizai mbele ya wenzake, nikamtoa nje. Akasimama barazani mpaka kengele ikalia.

Jioni nilimsimulia mkufunzi aliyekuwa akinisimamia. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Hujala bado?" Nikajibu, "Ndiyo, mwalimu, bado." Akanyamaza akinitazama, mpaka nikaona haya.

Katika Kiswahili, asemaye "ndiyo" huithibitisha kauli ya mwulizaji: usemalo ni kweli, sijala. Kiingereza hutazama tendo lenyewe. Kama halikutendeka, jibu ni "No". Mtoto yule alikuwa amekiri kosa lake waziwazi, tena mara mbili, nami nikamwadhibu kwa ukaidi.

Tangu hapo nilianza kuyasoma makosa ya wanafunzi badala ya kuyapigia mstari mwekundu tu. Aandikaye "my mother he" si mzembe: amelelewa na neno "yeye", ambalo halibagui mume na mke. Lakini andalio langu la somo, ambalo nililijaza kwa uangalifu mkubwa (nakiri nilijivunia mwandiko wake), halikuwa na nafasi hata moja ya kuniuliza mwanafunzi anakuja darasani na lugha gani.

Hili si jambo dogo katika Tanzania. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zilielekezwa kufundisha kwa Kiswahili, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifike sekondari, pendekezo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd walichunguza hali ya Kiingereza mashuleni, wakaona wanafunzi wengi hawakijui kiasi cha kuweza kusomea masomo mengine. Mradi uliofuata mwaka 1987 ulileta vitabu vyepesi vya kusoma. Vilihitajika, sikatai. Hata hivyo, mjadala huo umehesabu mno kile ambacho mwanafunzi hana, na kwa nadra umeuliza alicho nacho.

Kwa hiyo naona mwalimu mwanachuo wa Kiingereza hana budi kufundishwa sarufi ya Kiswahili kwa kina, bega kwa bega na ya Kiingereza. Wapo wakufunzi watakaohofu kwamba huko ni kukiingiza Kiswahili darasani kwa mlango wa nyuma. Sisemi tufundishe Kiingereza kwa Kiswahili. Kiswahili kimo darasani tayari, vichwani mwa watoto. Asiyekifahamu ni mwalimu, ingawa ndicho alichonyonya kwa mamaye.

Nilimwomba radhi mvulana yule. Akasema, "Haidhuru, mwalimu." Lakini mpaka mazoezi yalipokwisha hakunyosha mkono tena katika somo langu.