Msiseme Ndege Imerogwa

Liko neno lisemwalo sana kwetu ndege ndogo ikitua vibaya: "Imerogwa." Wengine, wenye rozari shingoni, husema kwa upole zaidi: "Ni mapenzi ya Mungu." Maneno haya yote mawili nayakataa.

Tutazame ndege yenyewe, ile yenye gurudumu dogo mkiani. Zamani zilikuwa nyingi katika viwanja vya Kongo: Dakota DC-3 za SABENA, kisha za Air Congo iliyoanzishwa mwaka 1961. Leo ni chache, ila huko Kenya walinzi wa wanyama bado hurusha Piper Super Cub, ndege ya watu wawili tu. Kubwa au ndogo, tabia yake ni moja.

Magurudumu makubwa yako mbele, na uzito mwingi uko nyuma yake. Chukua mkokoteni wenye mzigo. Ukiuvuta kwa kamba, wakufuata. Ukiusukuma kwa mti kutoka nyuma, hukengeuka, na ukikengeuka kidogo wataka kukengeuka zaidi. Hivyo ndivyo ndege hii ikimbiavyo chini. Upepo wa ubavuni ukiupiga mkia, pua hugeukia kule utokako upepo. Usukani wa mkia huendeshwa kwa miguu. Rubani asipoirudisha pua upesi, ndege huzunguka kama pia ya watoto, bawa hukwaruza ardhi, mguu wa gurudumu huvunjika. Na hatari haikomi magurudumu yagusapo chini. Kadiri mwendo upunguavyo, usukani hukosa nguvu ya hewa, na ndipo rubani mchovu alegezapo miguu, akidhani kazi imekwisha. Mwingine hukanyaga breki kwa hofu, ndege ikalala kifudifudi.

Uchawi uko wapi hapo? Sheria ya Marekani, tangu mwaka 1991, yamkataza rubani aliye mgeni wa ndege hizi kuwa kiongozi wake mpaka mwalimu atie sahihi kitabuni mwake kwamba amefundishwa kutua kwa kawaida, kutua kwa yale mawili ya mbele, na kutua penye upepo wa ubavuni. Hapana somo la hirizi.

Mtasema: sisi si marubani, yatuhusu nini? Lakini neno "imerogwa" haliishii uwanjani. Lafika kijijini likitafuta mtu, nalo humpata kikongwe asiye na mtoto wa kumtetea. Na Mungu twamsingizia ili sisi tusiulizwe. Nani aliyeacha mbuzi uwanjani? Nani aliyemharakisha rubani atue ijapokuwa upepo wakata njia? Mfuko wa kuonyesha upepo umechanika tangu lini? Ni kitambaa cha mita chache tu, na mafundi cherehani wamejaa sokoni Kindu.