Afisa Ustawi: Mlinzi wa Mnyonge au Mkono wa Dola?

Mtoto mmoja alikuja madrasa kwetu akiwa na alama za waya mgongoni. Tulipomwita mama yake, ambaye ni mjane, alikiri kwamba mtoto anapigwa na ami yake, na ami huyo ndiye anayewalisha tangu baba alipofariki. Tukamshauri aende kwa afisa ustawi wa jamii. Akatikisa kichwa: "Maalim, wale ni serikali. Nikisema leo, kesho watanichukulia mwanangu."

Tulikaribia kumkemea, kisha tukajizuia. Hofu yake haikuwa ya ujinga.

Ndugu Waislamu, afisa ustawi anatakiwa aaminiwe kama ndugu wa nyumbani, na huku nyuma yake imesimama dola. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa Tanzania, mahakama yaweza, kwa maombi yake, kuamuru mtoto anayedhurika aondolewe kwao. Sheria hiyo hiyo inamwajibisha kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba mtoto anadhulumiwa aufikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. (Walimu wa madrasa nao wamo, ingawa wapo miongoni mwetu wanaodhani ya nyumbani kwa watu hayawahusu.) Nguvu hizo hatuzipingi. Mtoto anayechapwa kwa waya hatoshelezwi na nasaha. Anahitaji mtu ambaye akifungiwa mlango ana uwezo wa kuufungua.

Hatari tunayoiogopa ni siri ya mnyonge, aliyoitoa kwa kutaka msaada, kugeuzwa silaha ya mtawala. Kabla ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933, Ujerumani ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotangulia katika huduma za ustawi. Watumishi wake waliingia majumbani na kuandika nani mlevi, nani ana kifafa, nani kapungukiwa akili, na familia ziliwafungulia milango kwa kutaraji msaada. Kisha ikaja sheria ya tarehe 14 Julai 1933 iliyoruhusu watu kufungwa kizazi kwa nguvu, na kumbukumbu zile zikatumika dhidi ya wenyewe. Takriban watu 400,000 walifanyiwa unyama huo. Watumishi wa Kiyahudi na wapinzani wa utawala walifukuzwa kazi. Wengi waliobaki waliendelea kujaza fomu, kwa kuwa mwajiri ameamuru.

Wanazuoni wetu waliligusa suala hili walipojadili mamlaka ya muhtasib, yule mtumishi wa dola aliyesimamia masoko na mwenendo wa watu. Al-Mawardi, kadhi wa zama za Bani Abbas aliyefariki mwaka 1058, alimkataza kupeleleza yaliyofichika majumbani. Akavua hali moja: mtu mwaminifu anapoleta habari kwamba roho iko hatarini, na kuchelewa kutaleta hasara isiyorudishika. Kwa maoni yetu, mpaka huo wafaa hata leo.

Ama afisa wetu ni mwajiriwa wa halmashauri, na mshahara wake watoka huko. Akiagizwa kesho atoe orodha ya familia zilizomweleza shida zao, kwa kazi isiyohusiana na shida hizo, atakataa kwa kutegemea nini? Tunataka maadili ya taaluma yake yawe na nguvu ya kumkinga anapokataa, na jalada la familia lisitoke ofisini kwake ila kwa amri ya mahakama. Pasipo hayo, wajane wataendelea kunyamaza na watoto wataendelea kupigwa.

Mama yule alikwenda siku ya tatu, tukamsindikiza. Jambo la kwanza aliloliuliza ni iwapo maneno yake yatabaki pale. Afisa, ambaye tulimwona ni mtu wa haki, alimjibu kwamba mengi yatabaki, na kwamba suala la kupigwa mtoto sheria yamlazimu kulifikisha mbele. Mama akakaa kimya kwa muda, kisha akaanza kueleza.