Havana Si Studio ya Picha

Marafiki wanne tunapanga safari ya Havana, na grupu yetu ya WhatsApp imejaa magari. Chevrolet ya waridi, Chevrolet ya kijani, na nyuma yake kuta zilizobambuka rangi. Juzi mmoja wetu akaandika: "Twende haraka, kabla hawajaiharibu kwa kuirekebisha." Hapo nikashindwa kunyamaza.

Mimi nimelelewa Mji wa Kale, Mombasa. Najua kamera ya mgeni inavyopenda ukuta uliopasuka. Naujua pia ukuta huohuo mvua ikinyesha. Hakuna mtu anayelala chini ya dari inayomeguka eti kwa sababu anapenda historia.

Na hayo magari si mapambo. Baada ya mapinduzi ya 1959 vikaja vikwazo vya Marekani, vikakazwa 1962, spea zikakatika. Serikali ya Cuba nayo ikabana: hadi 2011, magari ambayo raia waliweza kuuziana bila kibali yalikuwa yale ya kabla ya mapinduzi. Fundi anafufua gari la babu yake kwa sababu hana lingine. Oktoba 2024 gridi ya taifa ilianguka, nchi nzima ikaingia giza. Sisi stima ikipotea masaa mawili tunatukana mpaka transfoma. Ya wenzetu ndiyo tuite mandhari?

Sisemi tusiende. Nasema twende tukijua tunaenda kwa nani. Ngome ya El Morro, mlangoni mwa bandari ya Havana, ilianza kujengwa 1589. Fort Jesus yetu, 1593. Mfalme alikuwa mmoja, Philip II, aliyetawala Uhispania na Ureno kwa pamoja, na ramani zote mbili zilichorwa na wahandisi Waitaliano. Mtoto wa Mombasa akisimama pale si mgeni kabisa.

Halafu kuna José Antonio Aponte, seremala wa Havana, mtu mweusi aliye huru, aliyeshtakiwa kuongoza njama ya kuvunja utumwa. Alikuwa na kitabu cha picha alichokitengeneza mwenyewe, ndani yake wafalme weusi, Wahabeshi wakiwemo. Aprili 1812 walimnyonga, kichwa chake wakakiweka hadharani ndani ya kizimba. Kitabu kilipotea. Utumwa Cuba uliendelea hadi 1886. Kwenye grupu yetu, kati ya picha zote hizo, hakuna aliyemtaja hata mara moja.

Basi ratiba yangu ni hii. Tulale kwenye vyumba ambavyo familia hukodisha, pesa ibaki kwa wenye mji. Siku ya kwanza El Morro, ya pili Aponte. Gari tutapanda, sawa, lakini kabla ya kutoa simu tumuulize dereva spea anazipata wapi.

Anayetaka kuta zilizobomoka tu, asisumbuke na pasipoti. Apande SGR aje kwetu. Nitampa kitanda chini ya dari yetu, msimu wa masika.