Raia wana haki ya kujibiwa: wakubwa wa Tanganyika waache kuzika malalamiko ya watu

PEPA, teritwari ya Moba. Wakaaji wa jimbo la Tanganyika hawaogopi kusema. Wanasema sokoni, kanisani, msikitini, kwenye bomba la maji, na wanapiga simu redioni kila kipindi kinapofunguliwa. Shida zao zinajulikana: barabara, maji, mitaro, usalama, takisi za soko. Kitu wanachokosa ni jibu.

Desturi imekuwa ileile kwa miaka. Mkubwa anafika, viti vya plastiki vinapangwa, wazee na mama wa mtaa wanasimama mmoja mmoja na kutoa neno. Mkubwa anaitikia kwa kichwa. Mwisho anasema: «Tumesikia, tutapeleka juu.» Watu wanapiga makofi, gari linaondoka. Hakuna aliyeandika, hakuna tarehe iliyotolewa. Baada ya miezi sita mkubwa huyo amehamishwa, na mwingine anafika akisema ndiyo kwanza anaanza kazi, apewe nafasi ya kujua mambo. Wakaaji wanaanza tena kueleza yaleyale.

Desturi hii inapaswa kukomeshwa, na dawa yake haihitaji mfadhili. Imeandikwa katika Katiba ya nchi tangu 2006.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mkongomani ana haki ya kuandikia mamlaka ya serikali ombi, akiwa peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inajibu katika muda wa miezi mitatu. Kifungu hicho hakikuishia hapo. Kinasema pia kwamba hakuna mtu atakayeshitakiwa, kwa namna yoyote, kwa sababu ya kuandika ombi kama hilo. Mambo ni mawili, na yote ni wazi. Mkubwa anapaswa kujibu. Mwenye kuuliza anapaswa kuachwa kwa amani.

Ni wakubwa wangapi wa Tanganyika wanaokitaja kifungu hiki mbele ya watu? Wanachopenda kutaja ni wajibu wa raia: kulipa takisi, kufanya salongo, kutii. Hayo ni sawa. Lakini wajibu una pande mbili, na upande wa pili unafichwa.

Kalemie ina baraza, basi baraza lifanye kazi

Tarehe 20 Desemba 2023, Wakongomani walichagua rais na wabunge. Siku hiyohiyo, katika miji mikuu ya majimbo, walichagua pia washauri wa komini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, meya na wakuu wa komini waliwekwa kwa amri kutoka juu, na mtu aliyewekwa kutoka juu hutazama juu. Mshauri aliyeomba kura mtaa kwa mtaa hana kisingizio hicho. Watu wa Kalemie walimpa kura wao wenyewe, na mlango wa nyumba yake wanaujua.

Sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya maeneo yenye kujitawala inaipa komini kazi ambazo raia anaziona kila asubuhi: usafi, mitaro, barabara ndogo za mtaa, masoko ya komini, kitabu cha vizazi na vifo. Baraza ndilo linalopitisha bajeti ya komini. Kwa hiyo mama wa sokoni anayelipa takisi kila siku na kuuza samaki karibu na lundo la taka ana haki ya kuuliza baraza lile pesa yake ilikwenda wapi. Katika mji ambao kipindupindu kinarudi mara kwa mara, swali la mtaro na la choo cha soko linagusa uhai wa watoto. Si swali la kusukumwa hadi kikao kingine.

Ni kweli kwamba si kila shida ya Kalemie iko mikononi mwa komini. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda kwa nguvu mwaka 2020 na 2021, yakapanda tena mwaka 2024, na familia za kando ya ziwa na za kando ya Lukuga zikapoteza nyumba. Lukuga ndiyo mlango pekee wa kutoka maji ya ziwa lile. Kuusafisha mto huo ni kazi kubwa inayogusa nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, ambazo zilitia sahihi mapatano juu ya ziwa hilo mwaka 2003. Mshauri wa komini hawezi kuizibua Lukuga kwa jembe. Anachoweza ni kumwambia mkaaji, kwa maandishi: mtaro wa barabara yenu ni wetu, tutauchimba au hatutauchimba kwa sababu hii, shauri la Lukuga ni la Kinshasa na nchi jirani, na sisi tumewaandikia siku fulani, kopi hii hapa. Jibu la namna hiyo lina faida hata likiwa chungu. Linamfundisha raia mlango gani aubishe kesho.

Visingizio vitatu

Kisingizio cha kwanza ni pesa. Wakubwa husema retrosesio haitoki. Hapo hawasemi uongo. Katiba, kifungu cha 175, inataka asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yabaki kwa majimbo, na sheria ya 2008 inataka asilimia 40 ya fungu hilo iende kwa miji, komini, sekta na shefuri. Kwa hesabu ya shule ya msingi, katika kila franka 100, franka 40 ni za jimbo na 16 kati ya hizo ni za maeneo ya chini. Raia wote wanajua kwamba franka hizo hazifiki kama sheria inavyotaka. Lakini kuandika jibu hakuhitaji retrosesio. Kunahitaji karatasi, kalamu na kashe, na kashe haijawahi kukosekana ofisini siku ya kutoza watu takisi. Tena, kama pesa haitoki, baraza liandike hivyo na kutia sahihi, ili raia wajue wamlalamikie nani. Mkubwa anayenyamaza juu ya pesa isiyofika anamsaidia yule aliyeizuia.

Kisingizio cha pili ni kwamba raia hawajui kuandika. Katika kila mtaa kuna mwalimu, katika kila kijiji kuna mwanafunzi wa sekondari. Kifungu cha 27 hakisemi ombi liandikwe kwa Kifaransa, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika kifungu cha kwanza cha Katiba hiyohiyo. Barua ya mistari kumi inatosha: shida ni hii, iko hapa, ilianza siku hii, tunaomba mfanye hivi, sisi wakaaji tunatia sahihi. Asiyejua kuandika anaweka kidole. Kopi moja inabaki ofisini, nyingine inarudi na kashe na tarehe. Kuanzia tarehe ile miezi mitatu inahesabiwa.

Kisingizio cha tatu ndicho kibaya zaidi: kumwita mwenye kuuliza mchochezi. Kijana anauliza hesabu ya takisi za soko, anaambiwa anafanya siasa. Mama anasema askari wanatoza pesa barabarani, anaulizwa ni nani aliyemtuma. Watu wanaona, wanajifunza kunyamaza, na mkubwa anaandika katika ripoti yake kwamba hali ni tulivu. Watu walionyamaza kwa hofu hawajatulia.

Teritwari ya Moba inalijua jambo hili. Mwezi wa Agosti 2007 uvumi ulienea mjini Moba kwamba Banyamulenge walikuwa wanaletwa kukaa huko. Watu wakaingia barabarani, ofisi za MONUC na za mashirika zikashambuliwa, watu wakajeruhiwa. Kurudishwa kwa wakimbizi wa Kikongo waliokuwa kambini Zambia, kazi iliyokuwa imeanza mwaka uleule, kukasimamishwa. Waliolipa ni familia zilizokuwa zinangoja kurudi nyumbani. Uvumi hujenga nyumba mahali ambapo habari ya kweli haikufika. Mkubwa anayejibu watu mapema anafanya kazi ya usalama kuliko kizuizi cha barabara.

Mkimbizi wa ndani naye ni raia

Kuna watu ambao hata mkutano wa viti vya plastiki hawaitwi. Vita kati ya vikundi vya Watwa na vya Waluba vilijaza kambi pembeni ya Kalemie, kama Katanika na Kalunga, hasa mwaka 2017. Mwanzoni mwa 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka, familia nyingine zilifika kutoka Kivu ya Kusini, wengi wao kwa njia ya ziwa. Wakitaja shida ya maji au ya mtoto aliyezaliwa bila cheti, huambiwa wangoje shirika.

Wamezoezwa hivyo. Kwa miaka mingi, malalamiko katika kambi yanapelekwa kwa mtu mwenye jileti ya shirika, au yanatiwa katika kisanduku cha maoni kilichopigwa msumari kwenye nguzo. Mashirika yameokoa maisha, na hakuna anayelikana jambo hilo. Lakini mradi una tarehe ya kwisha. Siku ile kisanduku kinang'olewa, na malalamiko yanaondoka pamoja nacho. Komini inabaki. Katiba haisemi «kila mwenyeji wa hapa». Inasema kila Mkongomani. Aliyekimbia kutoka Uvira au kutoka kijiji cha Nyunzu hakuacha uraia wake njiani. Kumsajili mtoto wake katika siku 90 za kwanza ni kazi ya ofisi ya serikali, si msaada wa mfadhili. Nao wenyeji wasiseme kwamba wageni wanawaongezea foleni. Bomba likitengenezwa kwa ombi la wote wawili, wote wawili wanachota.

Na Pepa?

Uchaguzi wa 2023 haukufika huku. Juu ya milima ya Marungu, kwenye nchi ya baridi na ng'ombe, wakaaji hawana mshauri waliyemchagua. Wana mashefu wa kimila na watumishi wa serikali, na administrata yuko Moba, chini kando ya ziwa, mwisho wa barabara ambayo wakati wa mvua huwatesa watu na magari. Pepa ilipiganiwa na majeshi mwaka 2000, kabla ya Pweto kuanguka Desemba ile, na wazee wanakumbuka nani alikimbia na nani alizikwa. Mahali palipoteseka namna hiyo hapastahili kuambiwa «ngojeni uchaguzi wenu».

Tena hapahitaji kungoja. Kifungu cha 27 kinasema mamlaka ya serikali. Hakisemi mamlaka iliyochaguliwa. Administrata ni mamlaka. Shefu wa shefuri ni mamlaka. Gavana ni mamlaka. Barua kutoka Pepa ina uzito sawa na barua kutoka katikati ya Kalemie, hata kama inashuka mlima juu ya pikipiki na kufika na vumbi.

Kinachotakiwa basi ni kidogo, na kinaweza kuanza juma hili. Kila ofisi ya komini, ya shefuri na ya teritwari iwe na kitabu cha maombi, chenye tarehe ya kupokea na tarehe ya kujibu, na raia yeyote aruhusiwe kukifungua. Orodha ya maombi yaliyopita miezi mitatu bila jibu ibandikwe mlangoni, na redio za mtaa ziisome hewani. Mabaraza ya Kalemie yatenge siku ya kusikiliza wakaaji na wakimbizi wa ndani pamoja, katibu akiandika. Na polisi waambiwe wazi kwamba mtu mwenye barua mkononi si mhalifu.

Ahadi ni deni, wazee walisema. Lakini mdai anayetaka kulipwa huweka karatasi. Wakaaji wa Tanganyika waanze kuandika, watunze kopi zao, na wahesabu siku.