Tuache Kung'oa Visiki Nyuma ya Mageto

Wanachuo wenzangu, kabla hatujaomba tena hela ya miche na fulana za kampeni ya kupanda miti, tutazame kwanza nyuma ya mageto yetu. Tembea Ng'ong'ona au Makulu: uwanja umefagiliwa mpaka udongo mwekundu unang'aa, na pembeni kuna kisiki cha mgunga au mkwaju. Kila mwaka kinachipua, kila mwaka mtu anakipitia na panga.

Kisiki hicho kina mizizi iliyoshuka kina ambacho ndoo zako za maji hazitafika. Mche wa kitaluni hauna. Dodoma tunapata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili, halafu ni kiangazi kikavu. Mche uliopandwa Februari kwa ajili ya picha, likizo ndefu ikifika nani anaumwagilia?

Wakulima wa mkoa huu walishaelewa. Mradi wa Kisiki Hai, unaoendeshwa na LEAD Foundation na Justdiggit ya Uholanzi tangu 2018, unafundisha kitu rahisi sana: chagua machipukizi machache yenye nguvu, pogoa mengine, funga kitambaa ili watu wajue mti huo una mwenyewe, kisha linda. Mbinu yenyewe ilienea kutoka Niger, ambako Tony Rinaudo wa Australia alianza kuitumia mwaka 1983. Haitaki kitalu wala bajeti, na labda ndiyo maana haina mvuto kwenye vikao vyetu.

Mfano wa zamani zaidi ni Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoliwa na mmomonyoko. Majani na vichaka vilirudi. Siusifu uamuzi ule wote, maana familia kuamriwa kuondoa ng'ombe ni jambo zito. Lakini ardhi ilionyesha kwamba ikipumzishwa inajua kujiotesha.

Sasa tuje kwa wageni. Mgunga ukichanua, nyuki wanafika bila kualikwa. Panda mshubiri pembeni, chozi watakuja kunyonya maua yake. Mbuyu unafungua maua usiku na popo ndio wanaouchavusha, kwa hiyo ukiwafukuza popo usilalamike kukosa ubuyu. Kuna pia cherero, wale kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi na shingo ya njano. Asili yao ni nyanda hizi za Tanzania, na wanataga kwenye mashimo ya miti mikubwa, mibuyu ikiwemo. Watu wa Ulaya wanawafuga kwenye vizimba. Sisi tuna bahati ya kuwa nao huru, halafu greda linapita kwenye kiwanja kipya na kuung'oa mbuyu saa moja asubuhi.

Najua utasema nyoka. Hoja hiyo ni ya kweli, siichezei. Kichaka kisiwe mlangoni wala dirishani. Kiache kwenye kona ya mbali, na njia ya chooni ibaki wazi. Ila nyoka wengi wanafuata panya, na panya wanafuata ugali tunaoutupa nyuma ya jiko. Tuanzie hapo. Kuhusu mbu, beseni la maji ya ndege limwagwe na kujazwa upya kila siku. Kiluwiluwi hapati muda wa kukua.

Mwenye nyumba naye? Wengi wanadhani majani ni uchafu, na mpangaji wa semista mbili hana sauti. Muombe kona moja tu, mita mbili kwa mbili, na mwambie kivuli kitapunguza joto la chumba chake. Ukihama, mkabidhi anayekuja pamoja na funguo.

Serikali ya wanafunzi inaweza kufanya jambo moja mwaka huu: wiki ya kupokea mwaka wa kwanza, kila bloku ipewe kisiki chake. Vitambaa vya kufungia tusinunue. Fulana za kampeni ya mwaka jana zimejaa stoo.