Bei ya Mkoba Via Monte Napoleone

Msafiri wa Afrika Mashariki anayefika Milan, Italia, kwa semina au kwa biashara, hakosi kutenga alasiri moja ya kutembea Via Monte Napoleone. Hata asiye na uwezo wa kununua kitu huenda, maana ameambiwa kuwa ndiko dunia inakojipamba. Hutoka katika stesheni ya treni ya chini ya ardhi yenye jina hilo hilo, akajikuta kwenye njia nyembamba baina ya majumba ya kale ambayo ghorofa zake za chini zimejaa maduka. Mlangoni husimama bawabu aliyevaa suti inayoipita ya mgeni. Nyuma ya kioo umewekwa mkoba mmoja tu, umemulikwa taa kama sanamu ya mtakatifu. Bei haionekani. Yaelekea mwenye kuuliza bei si mtu wa pale.

Jina la mtaa huo lina kisa chake. Lilitokana na taasisi iliyosimamia deni la serikali, ambayo ilifunguliwa upya mwaka 1804 ikapewa jina la Napoleon. Mtaa uliopewa jina na deni sasa unatajirisha wenye majumba. Mwaka 2024 kampuni ya Cushman & Wakefield, ambayo hulinganisha kodi za maduka duniani, iliuweka wa kwanza, ukaipita hata Fifth Avenue ya New York: euro 20,000 kwa mita moja ya mraba kwa mwaka. Mwaka huo huo kampuni ya Kering ilinunua jumba namba 8 kwa euro bilioni 1.3.

Fedha hizo hutoka wapi? Hutoka katika mkoba ule ule wa kwenye kioo. Na mkoba una watu wawili wanaoubeba: mnunuzi anayetoa mno, na mshonaji anayepewa kidogo mno.

Aliyeyafichua hayo hakuwa mchochezi kutoka mbali. Ni mahakama ya Milan yenyewe. Aprili 2024 iliiweka kampuni tanzu ya Armani chini ya msimamizi, na Juni ikafanya vivyo hivyo kwa kampuni tanzu ya Dior. Katika shauri la kwanza ilielezwa kuwa mkoba uliouzwa dukani euro 1,800 ulilipiwa euro 93 kwenye karakana ya mwisho, na wafanyakazi, Wachina, walipata euro mbili hadi tatu kwa saa. Mfanyakazi huyo angehitaji saa 600 hadi 900 za kazi ili anunue kitu alichokishona mwenyewe! Katika shauri la pili mkoba wa euro 2,600 ulilipiwa euro 53, bila kuhesabu ngozi. Wapelelezi walikuta watu wanalala pale pale wanapofanyia kazi, na vikinga vya usalama vimeondolewa kwenye mashine ili ziende kasi. Mita za umeme zilishuhudia kuwa kazi haikusimama usiku wala sikukuu.

Haki itendeke: mahakama haikusema kuwa kampuni hizo ndizo zilizoziendesha karakana. Ilisema hazikuwasimamia waliopewa kazi, na amri zote mbili ziliondolewa Februari 2025 baada ya hatua kuchukuliwa. Lakini ni ajabu gani hii, kwamba kampuni yenye jicho la kuona uzi mmoja uliokaa upande haikuuona mkono ulioushona?

Wapo watakaojibu kuwa mnunuzi hulipia ubora. Ubora upo, hakuna anayeukana. Uko katika mshono, na mshono ni wa yule anayelala kando ya mashine. Kama sifa ni ya ufundi, mbona fundi ndiye anayehesabiwa mwisho? Kibandiko cha ndani husema, na husema kweli, kuwa mkoba umetengenezwa Italia. Hakisemi na nani, wala saa ngapi za usiku.

Msafiri naye hayaulizi hayo. Mkoba umemshinda, basi hununua kishikio cha funguo ili apewe mfuko wa karatasi wenye jina la duka. Haombi kupunguziwa hata senti. Kuomba pale ni ushamba. Mfuko ule huvuka bahari ukiwa umekunjwa kwa uangalifu kuliko hati za semina, na hukaa ofisini mahali ambapo wageni watauona.

Wiki ya pili mtu huyo huyo husimama mbele ya fundi cherehani wa Kariakoo, fundi aliyemshonea suti ya harusi. Anataka suti nyingine. Bei ikitajwa hucheka, hutaja nusu yake, hugeuka kama anayeondoka, husema kuwa kazi ya hapa haiwezi kuwa na bei ya Ulaya. Fundi hutazama chini. Kodi ya kibaraza inadaiwa. Hukubali, akachukua futi yake, akaanza kumpima mabega.